Kanisa la Mviringo katika Ngome ya Ludlow

Katika nchi ya Uingereza, upande wa magharibi karibu na mpaka wa Wales, upo mji mdogo uitwao Ludlow. Mji huo umejengwa juu ya kilima, na chini yake wapita mto Teme. Kwenye ncha ya kilima, mahali ambapo ardhi yakatika ghafula kuelekea mtoni, yasimama magofu ya ngome kubwa ya mawe iliyoanza kujengwa mwishoni mwa karne ya 11. Mapaa yake hayapo, sakafu za ghorofa zimeanguka, na majani yameota mahali ambapo zamani walikula watoto wa wafalme. Wageni hulipa kiingilio, hutembea uani, hupanda ngazi za mnara, huyatazama mashamba na vilima, kisha huenda zao.

Wahenga walisema: Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Leo twawaalika wasomaji wetu waizuru ngome hiyo pamoja nasi, chumba kwa chumba, na hasa waingie katika kanisa lake dogo. Tunayo sababu ya kuichagua ngome hii miongoni mwa nyingi. Wengi wetu tuna majirani Waanglikana; wengine tuna shangazi, wajomba na wakwe walio Waanglikana. Mtoto arudipo kutoka shuleni aweza kumwuliza baba yake: “Mbona jirani yetu ana askofu kama sisi, asali Baba Yetu na Nasadiki kama sisi, lakini hatukomunyi pamoja?” Jibu lote la swali hilo halimo katika ngome moja. Lakini sehemu kubwa ya jibu yaanzia hapa Ludlow, katika nyumba ya mume na mke vijana, mwezi wa Aprili mwaka 1502. Na habari yenyewe yahusu jambo ambalo kila jamaa yalijua: ndoa, mahari, ujane, na kiu ya kupata mtoto wa kiume.

KATIKA UA WA NJE

Mwaka 1066 Wanormani walitoka Ufaransa wakaishinda Uingereza, wakagawana nchi. Ukoo wa de Lacy ulipewa ardhi karibu na Wales. Kwa kuwa Wawelisi hawakukubali kutawaliwa, mabwana hao waliona haja ya boma imara. Walichimba handaki katika mwamba wa kilima, na mawe yaliyotoka handakini wakayajengea kuta. Hivyo kazi moja iliwapa faida mbili: shimo la kumzuia adui, na ukuta wa kumtazamia.

Tukipita lango la kwanza twaingia katika ua mpana wa nje. Pembeni mwa ua huu zimebaki kuta za kikanisa cha Mtakatifu Petro, nacho kina habari yake. Bwana mmoja, jina lake Roger Mortimer, alimwasi mfalme Edward II, akafungwa katika Mnara wa London. Tarehe 1 Agosti 1323 alitoroka. Siku hiyo katika kalenda ya zamani ya Kanisa ilikuwa sikukuu ya minyororo ya Mtakatifu Petro, ambaye malaika alimtoa gerezani, kama tusomavyo katika Matendo ya Mitume. Mortimer alikimbilia Ufaransa. Aliporudi na kushika madaraka, alijenga kikanisa hiki ili kumshukuru mtakatifu wa siku ile.

Shukrani ni jambo jema. Lakini mtu huyo huyo alikuwa na mke wa ndoa, Joan de Geneville, na kwa njia ya urithi wa mke huyo ndipo ngome ya Ludlow ilipomjia. Naye alimwacha, akashirikiana na Isabella, mke wa mfalme, wakamwondoa mfalme katika kiti chake mwaka 1327. Miaka mitatu tu baadaye, mwaka 1330, Mortimer alinyongwa. Kikanisa chake cha shukrani kilibaki kikiwa ushuhuda kwamba mtu aweza kumjengea Mungu nyumba ya mawe huku akiibomoa nyumba yake mwenyewe.

KANISA LA MARIA MAGDALENA

Tuendelee mbele. Ua wa ndani umetengwa kwa ukuta mwingine na handaki jingine, na kuingia kwake ni kwa daraja. Mgeni akisha kupita lango la pili, kitu cha kwanza kimshikacho macho si mnara mkuu, wala si ukumbi mkubwa, bali ni jengo la mviringo lisimamalo peke yake uani. Hilo ndilo kanisa la Mtakatifu Maria Magdalena, lililojengwa katika karne ya 12.

Makanisa ya mviringo ni machache sana katika Uingereza. Hili lina upana wa mita 8 na zaidi kidogo kutoka ukuta hadi ukuta. Mlango wake upo upande wa magharibi, na tao lililo juu ya mlango limechongwa mistari ya kupinda-pinda kama meno ya msumeno. Ndani, ukutani, yamechongwa matao madogo yanayozunguka pande zote. Mbele, mkabala na mlango, lasimama tao kubwa ambalo nyuma yake palikuwa na altare. Sehemu ile ya altare ya kwanza haipo tena. Wala paa halipo. Asimamaye katikati ya kanisa huona duara la mawe, na juu yake mbingu tupu.

Umbo hilo la mviringo halikutokea kwa bahati. Mfano wake ni kanisa la Kaburi Takatifu la Yerusalemu, ambalo sehemu yake ya mviringo yalizunguka kaburi alimolazwa Bwana wetu Yesu Kristu. Baada ya jeshi la Wakristu kuuteka mji ule mwaka 1099, watu wa Ulaya waliokwenda kuhiji na kurudi walijenga huku na huku makanisa ya namna hiyo. Tena jina lapatana na umbo. Maria Magdalena ndiye mwanamke aliyekwenda kaburini alfajiri, kungali giza, akalikuta tupu. Ndiye aliyeitwa kwa jina na Bwana mfufuka. Kwa hiyo askari wa Ludlow aliyeacha upanga wake nje na kuingia kusali alizungukwa na mawe yaliyomkumbusha kwamba mlinzi wa kweli si ukuta, na kwamba hata kaburi halina neno la mwisho.

SAA ZA MTOTO WA MFALME

Katika karne ya 15 ngome iliingia mikononi mwa wafalme wenyewe. Mfalme Edward IV alimtuma Ludlow mwanawe mkubwa, Edward, aliyekuwa bado mtoto mdogo, akalelewe huko. Mwaka 1473 mfalme aliandika amri juu ya malezi ya mtoto huyo, nazo zimehifadhiwa hata leo. Wazazi wetu wa leo wangefaidika kuzisikia.

Mtoto aamke kwa saa iliyo ya kufaa, asali sala za asubuhi chumbani pamoja na mapadre wake, kisha aende kusikia Misa. Baada ya Misa ndipo apate chakula chake cha asubuhi, na baada ya chakula ashike masomo. Wakati wa kula, asomewe habari njema za watu wema. Hata michezo ilipewa saa yake. Saa mbili ya usiku awe kitandani. Tena mfalme aliagiza kwamba mtu mwenye matusi, mgomvi au mlevi asikae katika nyumba ya mtoto.

Twaona hapo kwamba kanisa dogo la uani halikuwa pambo. Lilikuwa mwanzo wa siku. Mtoto alifundishwa kwamba kabla ya kuwa mtawala wa wengine, yeye mwenyewe anaye Bwana wake. Malezi hayo hayakumpatia maisha marefu: baba yake alipofariki mwaka 1483, mtoto wa miaka 12 alichukuliwa kutoka Ludlow kwenda London, akawekwa katika Mnara pamoja na mdogo wake, na baada ya miezi michache hawakuonekana tena. Kuta zilizokuwa imara kuliko zote katika nchi hazikumwokoa na tamaa ya watu wa nyumbani mwake.

ARUSI YA MIEZI MITANO

Sasa tumefika kwenye kiini cha habari yetu. Upande wa kaskazini wa ua wa ndani kuna ukumbi mkubwa na vyumba vya kulala vya mabwana, vyote vimekuwa magofu. Huko, mwezi wa Desemba 1501, waliletwa vijana wawili waliooana mwezi uliotangulia. Mume aliitwa Arthur, mwana mkubwa wa mfalme Henry VII. Alikuwa na miaka 15. Mke aliitwa Catherine, binti ya wafalme wa Hispania, Ferdinand na Isabella. Alikuwa anatimiza miaka 16.

Wazazi wao walikuwa wamefanya mkataba wa uchumba mwaka 1489, wakati Arthur hajatimiza hata miaka mitatu. Walipokuwa wakikua waliandikiana barua kwa Kilatini, kwa maana hakuna aliyejua lugha ya mwenzake. Kule, kinyume cha desturi zetu, mali ilitoka upande wa bibi arusi: baba yake Catherine aliahidi krauni 200,000, na nusu yake ilikuwa imekwisha lipwa. Tarehe 14 Novemba 1501 walifunga ndoa katika kanisa kuu la Mtakatifu Paulo mjini London, kwa shangwe kubwa.

Shangwe ile haikudumu miezi mitano. Ugonjwa uliingia Ludlow ukawashika wote wawili. Catherine alipona. Arthur alifariki dunia tarehe 2 Aprili 1502. Mwili wake ulichukuliwa kwenda kuzikwa Worcester, katika upepo na mvua kubwa, na njia ilikuwa na matope hata gari la maiti likavutwa na ng’ombe badala ya farasi. Mjane wake, mgonjwa bado, alirudishwa London katika machela yaliyofunikwa kitambaa cheusi.

SWALI LA MJANE

Msomaji wetu atalielewa swali lililofuata upesi kuliko Mzungu wa leo, maana katika makabila yetu mengi kuna desturi ya kurithi mjane. Mume amekufa, mali imelipwa nusu, ukoo mmoja hautaki kurudisha, na ukoo wa pili hautaki kupoteza. Je, mdogo wa marehemu amwoe?

Mdogo huyo alikuwa Henry, ambaye baadaye aliitwa Henry VIII. Sheria ya Kanisa wakati ule ilikataza mtu kumwoa mjane wa ndugu yake, isipokuwa kwa ruhusa ya pekee. Ruhusa ikaombwa Roma. Papa Yulio II aliitoa kwa hati ya Desemba 1503. Catherine alisema daima kwamba yeye na Arthur hawakupata kujuana kama mume na mke. Hati ya Papa haikutaka kuacha nafasi ya mashaka: iliandika kwamba ndoa ile ya kwanza “labda” ilikuwa imekamilika, ili ruhusa itoshe kwa vyovyote vile.

Hata hivyo mjane alingojea miaka saba, kwa sababu wakubwa waligombana juu ya mali. Binti wa mfalme aliishi London akiuza na kuweka rehani vyombo vyake vya fedha ili watumishi wake wale. Wala hakuulizwa sana moyo wake ulitaka nini. Tusiwacheke watu wa zamani. Wako wajane hata leo ambao wakwe huzungumzia mashamba na ng’ombe wa marehemu kabla machozi hayajakauka, nao huwaita mmoja wa vitu vya urithi.

Mwaka 1509 Henry alitawazwa, akamwoa Catherine kwa hiari yake. Waliishi vizuri miaka mingi. Walipata mimba zisizopungua sita. Mtoto wa kiume aliyezaliwa siku ya mwaka mpya wa 1511 aliishi wiki saba tu. Wengine walizaliwa wafu au walikufa mara. Mmoja tu alikua: binti, Maria, aliyezaliwa mwaka 1516. Mwaka 1525 baba yake alimtuma naye kukaa katika nchi za mpaka wa Wales, na Ludlow ikawa makao yake. Hivyo binti alitembea katika ua ule ule, akapita mbele ya kanisa lile lile la mviringo, mahali mama yake alipokuwa mjane.

Wakati huo Henry alikuwa amekata tamaa ya kupata mrithi wa kiume kwa Catherine. Hofu yake ilikuwa na msingi, kwa maana vita vya kugombea ufalme katika karne ya 15 vilikuwa vimeiharibu nchi, na mji wa Ludlow wenyewe ulitekwa nyara mwaka 1459. Lakini pamoja na hofu alikuwa na tamaa ya kumwoa Anne Boleyn. Akafungua kitabu cha Mambo ya Walawi, panapokatazwa kumchukua mke wa ndugu, na panaposemwa kwamba wafanyao hivyo watakosa watoto. Akasema ndoa yake haikuwa ndoa tangu mwanzo. Wengine, na hasa John Fisher, Askofu wa Rochester, walimjibu kwa Maandiko: kitabu cha Kumbukumbu la Sheria chamwagiza ndugu amwoe mjane wa nduguye aliyekufa bila mtoto. Sheria ambayo Mungu mwenyewe aliiwekea ruhusa, walisema, Kanisa laweza kuitolea ruhusa.

MKE ALIYEKATAA KUITWA MJANE

Ndipo maisha ya vijana wawili wa Ludlow, yaliyokuwa yamezikwa zaidi ya miaka 25, yakafukuliwa mbele ya watu wote. Watumishi wa zamani waliitwa kutoa ushahidi juu ya chumba cha kulala. Catherine alimwambia Kadinali Campeggio katika kitubio, akamruhusu mwenyewe kuyatangaza, kwamba hakulala na Arthur zaidi ya usiku saba, na kwamba alibaki bikira.

Tarehe 21 Juni 1529 baraza la hukumu lilikutana Blackfriars, London, mbele ya makadinali Campeggio na Wolsey. Catherine hakujibu jina lake kama mshitakiwa. Alivuka ukumbi, akapiga magoti mbele ya mumewe, akamwambia kwamba amekuwa mkewe wa kweli na mtiifu; akakata rufani kwa Papa; kisha akainuka akatoka. Waliita jina lake mara ya pili na ya tatu. Hakurudi.

Mwezi wa Mei 1533 Askofu Mkuu Thomas Cranmer, bila kungoja Roma, alitangaza kwamba ndoa ile ilikuwa batili. Tarehe 23 Machi 1534 Papa Klementi VII alitoa hukumu yake: ndoa ya Henry na Catherine ni halali. Mwaka huo huo bunge la Uingereza lilipitisha sheria kwamba mfalme ndiye mkuu wa Kanisa katika nchi yake. John Fisher na Thomas More, aliyekuwa waziri mkubwa wa mfalme na baba wa jamaa, walikataa kuapa. Wote wawili walikatwa vichwa mwaka 1535. Papa Pio XI aliwatangaza watakatifu mwaka 1935.

Na Catherine? Aliambiwa akubali jina moja tu, naye angepata heshima na raha: aitwe “mjane wa Arthur”. Yaani arudi Ludlow kwa jina, na miaka 24 ya ndoa yake ihesabiwe kuwa si kitu. Alikataa. Akapunguziwa watumishi, akahamishwa kutoka nyumba hadi nyumba, akakatazwa kumwona binti yake. Alifariki tarehe 7 Januari 1536 katika ngome ya Kimbolton. Hakuwa na jeshi, ingawa wako waliotaka kupigana kwa ajili yake. Silaha yake ilikuwa neno lile alilolisema mbele ya altare.

TUSEME KWELI YOTE

Yafaa tuwe waadilifu. Kugawanyika kwa Wakristu wa Uingereza hakukuletwa na jambo moja tu. Mafundisho ya Luther yalikuwa yamekwisha kuenea. Mali za monasteri ziliwatamanisha wakubwa. Na baadhi ya viongozi wa Kanisa walikuwa wamezoea anasa kuliko sala. Wala wa upande wetu hawakuwa bila doa. Maria, yule binti aliyekaa Ludlow, alipotawala tangu mwaka 1553 hadi 1558 aliirudisha nchi katika ushirika na Roma, lakini katika miaka hiyo zaidi ya watu 200 walichomwa moto kwa ajili ya imani yao. Baadaye Wakatoliki nao waliuawa kwa zamu yao. Imani haijengwi kwa moto wala kwa kamba.

Kwa hiyo hatuandiki haya ili mtu amsute jirani yake Mwanglikana. Yeye hakumfukuza Catherine. Mwezi wa Machi 1966 Papa Paulo VI na Askofu Mkuu Michael Ramsey wa Canterbury walikutana Roma, na Papa akavua pete yake ya kiaskofu akampa mwenzake. Tangu siku hiyo pande mbili zimezungumza kwa heshima, ingawa umoja kamili haujapatikana. Mtoto aulizapo, aambiwe habari yote, naye afundishwe kuuombea umoja.

KILICHOBAKI LUDLOW

Baada ya wafalme, ngome ilikuwa makao ya baraza lililotawala Wales na nchi za mpakani. Mwaka 1646, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, ilijisalimisha kwa jeshi la Bunge. Mwaka 1689 baraza lilivunjwa. Hapo ngome ikakosa kazi, na nyumba isiyo na kazi haina mtu wa kuiziba inapovuja. Risasi iliyofunika mapaa ilitolewa, mvua ikaingia, boriti zikaoza, sakafu zikaanguka. Adui aliyeishinda ngome ya Ludlow mwishoni hakuwa na mizinga. Alikuwa ni mvua ya kila siku.

Tuyashike hayo, wazazi wapendwa. Nyumba nyingi za Kikristu haziangushwi na dhoruba moja kubwa. Huangushwa na tone lisilozibwa: sala ya jioni iliyoachwa leo kwa uchovu na kesho kwa mazoea, neno la dharau lisiloombwa msamaha, fedha zinazofichwa, ndugu wa mume wanaoachiwa kumtukana mke mezani pake. Siku moja paa halipo, na watu hushangaa.

Lakini tuna fundisho kubwa kuliko hilo, nalo ndilo lililotufanya tuwalete hapa. Kosa la Henry halikuanza siku alipoutenga ufalme wake na Roma. Lilianza siku alipompima mke wake kwa mtoto wa kiume. Alifikiri ahadi aliyoitoa ilikuwa na sharti ambalo hakulitamka: nitakuwa mume wako, ukinizalia mwana. Je, sharti hilo halimo mioyoni mwa baadhi yetu? Wako akina mama katika nchi yetu ambao wamezaa mabinti watano wenye afya, na bado huitwa wasiozaa. Wako waliorudishwa kwao, au walioletewa mke wa pili mlangoni, kwa sababu hiyo tu. Sayansi imekwisha tufundisha kwamba mbegu ya baba ndiyo iamuayo kama mtoto atakuwa wa kiume au wa kike. Basi mama hulaumiwa kwa jambo asiloweza kuliamua. Na hata kama ndoa haina mtoto kabisa, Kanisa lafundisha kwamba ni ndoa: yafanywa na hiari ya wawili waliopeana neno, wala haifutwi na tumbo lisilozaa.

Tuwakumbuke pia wajane. Tangu sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kumwoa mjane wa ndugu si tena kizuizi cha kubatilisha ndoa kwa Wakatoliki wa mapokeo ya Kilatini. Lakini hiari ya mjane ni sharti lisiloondolewa na desturi wala na mali iliyolipwa. Mjane si mfuko wa urithi. Atakaye kuolewa na aolewe kwa hiari yake. Atakaye kukaa na watoto wake na aachwe kwa amani, na shamba lake asinyang’anywe.

Tutokapo katika ngome, tugeuke mara moja tulitazame lile kanisa la mviringo. Vyumba vya wafalme vimeanguka, na watu waliopanga arusi na mahari na ufalme wamekwisha zikwa. Duara la Maria Magdalena bado limesimama, limefunguka kuelekea mbinguni, mfano wa kaburi ambalo halikuweza kumshika aliyelazwa ndani yake. Ahadi ni deni. Aliyeilipa kwa uaminifu, hata kama alikufa amenyang’anywa jina la mke na kukatazwa mtoto wake, hakupoteza kitu mbele ya Yule aliyefufuka.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA NYUMBANI

1. Katika ngome ya Ludlow siku ya mtoto wa mfalme ilianza kwa sala na Misa. Siku ya nyumba yetu yaanza kwa nini, na yamalizika kwa nini?

2. Ni tone gani la mvua liingialo nyumbani mwetu sasa hivi, ambalo twaweza kuliziba juma hili?

3. Katika ukoo wetu yupo mke anayedharauliwa kwa kukosa mtoto wa kiume, au mjane anayelazimishwa? Nani kati yetu atasema naye, na nani atasema kwa ajili yake mbele ya wazee?